Mchana Uliogeuzwa Usiku

Yusto aliuawa saa tisa alasiri, jua likiwaka, mbele ya watu kumi na mmoja. Mkewe Dominika anataka hilo lijulikane kabla hujamuuliza hata habari za afya, kwa sababu siku hizi kila anayekutana naye kijijini Msanzi anampa pole kwa mambo ya usiku. Hapakuwa na usiku. Hapakuwa na mvua ya radi, wala taa iliyozimwa ghafla, wala mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Kulikuwa na shamba mwezi wa tatu, watu wanafukia nyasi kwenye matuta kama wanavyofanya Wafipa wote wakati huo wa mwaka, na kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa hatua sita.

Hatua sita tu! Ukizipima leo, hazitoshi kuanika ulezi wa familia moja. Lakini Oswaldi, jirani yao wa upande wa chini, alidai ni zake, na Yusto naye alidai ni zake, na wanaume hao wawili wakapitisha mwaka mzima bila kusalimiana. Mtu asiyewajua Wafipa hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Huku salamu ndiyo mlo wa kwanza wa siku. Wake zao walikuwa wakipishana njiani wakiangalia miguu yao, na hata misani kila familia ilitafuta benchi lake la mbali.

Dominika alichoka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wake Timoth wa miezi saba yuko mgongoni, na hakuona raha ya kuishi na adui umbali wa kuitana. Basi alipopika pombe ya ulezi ya kuwaalika majirani waje kuwasaidia kulima, alipita na kwa Oswaldi, akamwalika, bila kumwambia mumewe. Alifikiri watu wakishalima tuta moja na kunywa kibuyu kimoja, hasira itawatoka pamoja na jasho. Halikuwa wazo la kijinga. Wengi wamepatanishwa hivyo, wazee wa kanisa wenyewe husema hivyo.

Oswaldi alikuja. Dominika akaonja pombe kwanza mbele ya watu, kama mpishi anavyotakiwa, kisha akapiga magoti na kumpa kibuyu kama alivyowapa wengine wote. Oswaldi akanywa, akashukuru, akalima vizuri tu hadi saa tisa. Tuta la mwisho likafika mpakani. Yusto akasema neno, Oswaldi akajibu, na jembe likainuka. Mambo yote hayo hayakuchukua muda wa kusali Baba Yetu.

Oswaldi hakukimbia. Alikaa chini hapohapo hadi walipokuja kumchukua. Alifungwa miaka ishirini kwa kuua bila kukusudia, na mwaka wa tisa akafia gerezani. Watu walidhani Yusto mwenyewe ndiye aliyemwalika ili wayamalize, na wengine walimsifu marehemu kwa moyo huo mkubwa. Dominika aliwaacha wadhani. Mahakamani hakuna aliyemuuliza, naye hakujitolea kusema.

Hakuolewa tena. Alilima, akauza mahindi, akamsomesha Timoth hadi kidato cha nne Sumbawanga mjini, na kila mara mtoto alipouliza alimwambia: baba yako alikuwa mtu mwema, na wewe umemfanana kwa mwendo. Ilikuwa kweli. Timoth alitembea kama Yusto, bega moja mbele.

Ndipo akaja Elia.

Elia alikuwa mwalimu aliyeacha ualimu, akafungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stendi ya mjini, na pembeni aliandika vitabu vidogo vya mauaji. Juu ya jalada aliandika Kisa cha Kweli kwa herufi nyekundu, na watu wa mabasi walivinunua kama karanga. Alikuja Msanzi akiwa mpole, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akauliza maswali polepole kama daktari anayejua kazi yake. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemuuliza Dominika kwa upole namna ile. Akamwambia yote. Akamwambia hata lile ambalo hakumwambia padri: kwamba yeye ndiye aliyemwalika muuaji. Alilia sana siku hiyo, na baada ya kulia alilala usingizi mzuri.

Mara ya pili Elia alikuja na karatasi zilizochapwa. Alikuta ugali uko tayari, akakaribishwa, akala, na katikati ya matonge akawa anamsomea. Dominika akasikia habari za usiku wa radi. Akasikia habari za mwanamke aliyepiga magoti mbele ya mgeni na kukawia kuinuka, na macho yao yakasema waliyokuwa wamekubaliana. Akataka kumkatiza palepale. Lakini kwao mgeni hapingwi mkono wake ukiwa bado kwenye chakula. Unamsikiliza, unamwongezea mboga, halafu unamsindikiza, na njiani, mkitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, ndipo unapomwambia jambo gumu. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na ndivyo watu wa Msanzi wanavyogombana kistaarabu. Kutoka kwake hadi barabara ya gari ni mwendo wa dakika ishirini. Dominika alikuwa ameshayapanga maneno yake yote, la kwanza hadi la mwisho.

Elia akanawa mikono. "Mama Timoth, hebu tia saini hapa kwamba nimekusomea." Kweli alikuwa amemsomea, Dominika angekataaje? Akatia saini. Alipochukua khanga amsindikize, bodaboda ilikuwa mlangoni inanguruma. "Usijisumbue, mama yangu," Elia akasema, akapanda, akapotea na vumbi lake. Dominika alibaki uani na maneno yake yamemjaa mdomoni.

Kitabu kilitoka kabla ya Pasaka. Watu kumi na mmoja walioshuhudia hawakuwemo. Jina la Oswaldi lilikuwa limebadilishwa. La Dominika lilikuwa lilelile, pamoja na kijiji chake. Na ukurasa wa mwisho kabisa, ambao Elia hakuwa amemsomea, ulimwonyesha mtoto mgongoni akigeuza kichwa, na wale wanaojua wakaona masikio yake ni ya nani.

Masikio! Dominika alipofika hapo aliweka kitabu chini akacheka, kicheko kibaya, jirani akaja kumwangalia. Hakuona sababu ya kuogopa. Nani angeamini upuuzi ule? Basi waliamini. Kwenye sala ya jumuiya, mama mmoja ambaye tangu ujana walikuwa wakienda kisimani pamoja alimshika mkono akamwambia, "Dominika, Mungu anasamehe hata hayo." Shuleni mjini wavulana walizipiga picha kurasa na kutumiana kwenye simu, wakamtungia Timoth jina. Timoth alikuwa na miaka kumi na minane na mitihani mbele yake. Hakumwandikia mama yake, hakupiga simu. Alimaliza mtihani, akarudi nyumbani na begi, akasema shikamoo, akala kimya. Siku ya tatu, wakipukuchua mahindi, akauliza akiwa ameinama.

"Mama, mimi ni mtoto wa nani?"

"Wa Yusto! Unaniuliza swali gani hilo?"

"Imeandikwa vingine."

"Uongo huo, mwanangu."

"Saini yako ipo kwa mwandishi. Nilienda dukani kwake, akanionyesha." Akaendelea kupukuchua. "Kama ni uongo, kwa nini ulitia saini?"

Dominika akajaribu kumweleza habari ya kusindikiza, mgeni, na bodaboda. Kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama kisingizio cha mtu aliyebanwa. Timoth hakubisha. Alimsikiliza kwa adabu zote alizofundishwa, hadi mwisho, na adabu ile ilimuuma Dominika kuliko tusi.

Kesho yake alipanda gari kwenda mjini. Alimkuta Elia anapanga karatasi kwenye mashine, miwani kwenye paji la uso. Hakumsalimia. Kwa Mfipa, huko ni kumpiga mtu kofi.

"Mwalimu, usiku ulitoka wapi?"

Elia alikuwa na adabu ya kuona haya kidogo. Akamtolea kiti. "Mama Timoth, kuua mchana hakusomeki. Mtu anataka giza, anataka awe peke yake na muuaji. Na wale watu kumi na mmoja ni wengi mno, msomaji anachanganyikiwa."

"Walikuwa kumi na mmoja."

"Najua walikuwa kumi na mmoja."

"Na masikio ya mwanangu? Ulimwona wapi mwanangu?"

"Wakati ule sikuwa nimemwona." Elia akavua miwani, akaifuta. "Kitabu kilihitaji mwisho, mama. Jembe peke yake si mwisho. Watu wawili wamegombania mpaka, mmoja kafa, mwingine kafungwa, hapo msomaji anabeba nini?"

"Mbona jina la Oswaldi ulilibadilisha?"

"Aliacha wapwa wanaojua sheria."

Dominika akauliza lile lililomsumbua zaidi, lile ambalo usiku baada ya usiku alilala akiomba lisichapwe, na lilipokosa kuchapwa likamsumbua vilevile. "Nilikwambia mimi ndiye niliyemwalika. Mbona hukuliandika?"

"Lile?" Elia akafikiri. Ilionekana ilibidi alitafute. "Lile halina ladha. Mwanamke anamwalika jirani ili wapatane, mambo yanaharibika. Msomaji angekuhurumia tu."

Nisikufiche, kama angekuwa na jembe mkononi wakati ule, mji wa Sumbawanga ungepata kisa kingine cha kweli. Badala yake alimwambia Elia kwa sauti ya chini kwamba hatoki dukani hadi aandikiwe barua. Wateja wakaanza kusimama mlangoni kusikiliza. Elia akaandika upesi, nusu karatasi, akagonga na muhuri wa duka: mambo ya usiku, ya mapenzi na ya mtoto niliyabuni mwenyewe, mama huyu hana hatia. Dominika aliikunja akaiweka kifuani. Njiani kurudi alikuwa na furaha, tusimnyime, furaha ya saa mbili nzima.

Timoth aliisoma amesimama uani. Aliisoma mara mbili, akaikunja kama ilivyokuwa.

"Mama, mtu aliyeweza kuandika uongo kurasa themanini, nimwamini kwenye nusu karatasi?"

Hapo Dominika akaona alivyoporwa. Elia hakuchukua jina lake tu. Alichukua na njia ya kulirudisha. Cheti, shahidi, barua, saini, vyote sasa vilinuka mkono wa mwandishi. Wale kumi na mmoja, walio hai ni wanne, na mmoja wao mwenyewe siku hizi anahadithia radi, anaapa aliisikia. Alichobakiwa nacho ni mdomo wake, na mdomo usiosema ila mazuri yake ungeaminiwa na nani?

"Kaa chini," akamwambia mwanawe.

Akamweleza mchana ule. Hakulia. Akamweleza hatua sita, mwaka mzima bila salamu, pombe, nani alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na Yusto alisema neno gani mpakani, neno la kawaida tu. Halafu akafika pale ambapo kwa miaka yote ile alikuwa akiparuka, na safari hii hakuparuka.

"Baba yako hakumwalika Oswaldi. Hakujua kabisa kwamba anakuja. Mimi ndiye niliyekwenda kwake, nikamwambia njoo."

Timoth akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu arudi.

"Baba alifanyaje alipomwona?"

"Alinitazama. Kisha akamkaribisha, kwa sababu alikuwa mgeni."

"Watu wanajua?"

"Hapana."

"Na mwandishi?"

"Nilimwambia. Alisema halina ladha."

Kuku walipita uani wakidonoa punje zilizobaki. Timoth aliinama, mikono katikati ya magoti, na Dominika akamwona Yusto mzimamzima, hata namna ya kuuma mdomo wa chini. Alitaka kumwambia hivyo. Alijizuia.

"Hilo nalisadiki," Timoth akasema mwishowe. "Hakuna anayejizulia jambo kama hilo."

"Basi umesadiki na mengine?"

"Yote, mama. Mimi ni mtoto wa Yusto." Aliinuka, akajipangusa suruali. "Ndiyo maana sitaweza kukaa hapa na wewe."

Asubuhi alimwamkia mama yake, akanywa uji, akamaliza, akashukuru. Alisema anakwenda bondeni Milepa kwa baba yake mdogo, mdogo wake Yusto, kulima mpunga, na kwamba habari za kurudi watazungumza baadaye. Dominika alichukua khanga, akamsindikiza hadi barabarani, dakika zote ishirini, bega kwa bega. Hakuna aliyesema neno. Gari lilipokuja Timoth akapanda, na yeye akarudi kumalizia mahindi.