Hotuba Iliyowahi Kura

Nilipaswa kusema, "Hapana, mwache Leonia aishike," maneno manne tu, lakini nilikubali kuiendesha kompyuta mpya ya kikundi mbele ya wafuga nyuki wenzangu wote wa Sibwesa, tena siku ya uchaguzi, mimi nikiwa katibu ninayetaka kurudi.

"Baba, hii siyo kama ile ya zamani," alininong'oneza Leonia, mweka hazina wetu.

"Binti, nimeshika kompyuta wewe hujui hata kutambaa."

Mimi nilijifunzia zile za kijivu, ambazo vitufe vyake vilivimba kama vitumbua, ukiona kimeinuka unajua kinabonyezwa, na kila faili lilikuwa karatasi nyeupe yenye jina chini, ya ndani huyaoni mpaka ufungue. Ndiyo maana hotuba yangu ya kushukuru kwa kuchaguliwa (niliiandika wiki nzima kabla ya kura, nakiri) niliipa jina la "Mizinga Iliyobomoka", maana nani atafungua hiyo?

Projekta ikimulika ukutani, nikachomeka flashi niwaonyeshe ripoti ya asali. Kumbe hizi mpya hazisubiri, zinachora kabisa kilichomo ndani ya faili hata hujalifungua, na kwa kuwa macho yangu mabovu nilikuwa nimeandika kwa herufi za bango, basi ukutani ikasomeka mpaka mlangoni: ASANTENI KWA KUNICHAGUA BILA KUPINGWA.

Nikabonyeza harakaharaka niifiche, ikafunguka. Nikatafuta pa kufungia, kila kitu bapa kama chapati, hujui kitufe ni kipi na pambo ni lipi, nikagusa kimraba cha pembeni, hotuba ikajaa ukuta mzima. Watu wakaanza kuisoma kwa pamoja kama litania kanisani. Walipofika "nawasamehe walionisema vibaya", mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa upole, "Katibu, na mimi nimo?"

Hapohapo wakamsimamisha Leonia anipinge, na kura zilipohesabiwa nilikuwa na mbili: yangu, na nyingine ambayo mke wangu anaapa siyo yake. Leonia akapita.

"Baba, usiifute hotuba," akaniambia, "nitaisoma mimi. Nitatoa tu pale pa 'bila kupingwa'."

Akaisoma kweli, wakampigia makofi mpaka nikaona aibu kutopiga. Siku hizi nikiona kompyuta inasogezwa upande wangu, mikono naitia mfukoni. Kiburi cha dakika moja kilinipotezea ukatibu nilioushika miaka kumi na tisa, pamoja na hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.