Filimbi Isiyolalamikiwa

Mwenyekiti wetu wa ulinzi wa mtaa ni fundi cherehani. Tunamwita Mama Filimbi, naye haoni vibaya. Wezi walipomsafishia nyumba hadi sufuria ya jikoni, hakulia sana. Alinunua filimbi za plastiki, akazigawa mlango kwa mlango na kufundisha sheria moja: ukisikia, piga yako, kisha toka. Mlio mrefu ni hatari. Miwili mifupi, salama.

Mimi ni katibu wake. Naandika anayosema, sina makeke.

Katika nyumba ya mwisho, kando ya ukuta wa mtaa, anaishi dereva wa treni mstaafu, mgane asiye na mtu. Tulipompelekea filimbi yake alituchekea mlangoni.

"Nimepiga honi mpaka ng'ombe wakaruka reli, leo mnanipa kidude cha refa?"

"Pokea tu, baba," akasema Mama Filimbi.

"Kampe mjukuu wako, mwanangu."

Akafunga mlango. Mama Filimbi akachomoa utepe wa bluu mfukoni, akaining'iniza filimbi kwenye kitasa, tukaenda zetu.

Kilichotusumbua ni uwanja wa mpira nyuma ya ukuta. Mwanzoni, refa akipuliza penalti, majirani walitoka mbio na miko na mafagio. Siku moja kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Tulichekwa mpaka tukakoma. Baada ya hapo, siku ya mechi filimbi haikumshtua mtu.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa kwa Mama Filimbi, ananipunguzia suruali. Mechi ilikuwa imepamba moto. Ghafla akasimamisha cherehani.

"Umesikia?"

"Ni refa huyo, dada."

"Refa akipuliza, wachezaji hulalamika. Hii nani kailalamikia?"

Nikatega sikio. Ikalia tena, ndefu, dhaifu kama pumzi ya mtu aliyechoka. Kweli, hakuna aliyefoka.

Mama Filimbi akatoka na sindano kifuani, akapuliza. Jirani akajibu. Wa pili akapokea, wa tatu, mlio ukakata kona na kupanda safu za juu za nyumba, hadi nisijue tena unakoishia. Milango ikafunguka yote. Hata refa alisimamisha mchezo, wachezaji wakaruka ukuta na jezi zao. Nilizoea kuandika "wakazi". Siku ile niliwaona.

Tuliufuata ule mlio dhaifu hadi nyumba ya mwisho. Dereva alikuwa jikoni, kabati la vyombo limemlalia kifuani, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Walilinyanyua kwa pamoja bila kuambiwa. Muuguzi wa safu ya juu, aliyefika kwa sababu tu mlio ulimfikia, alipiga magoti kwenye vigae vilivyovunjika.

"Anapumua," akasema. "Kidogo tu, angekuwa amekwenda."

Filimbi ilikuwa mdomoni mwa mzee bado. Utepe wa bluu ulizunguka shingo, umechakaa, umelowa jasho la siku nyingi.

"Mzee, si ulisema ni ya mjukuu?" kinyozi akashindwa kujizuia.

"Wewe kamalizie kichwa cha watu," akanong'ona dereva.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, Mama Filimbi alipuliza miwili mifupi. Nyumba ya jirani ikapokea, nyingine ikapokea, salama ikapanda mtaa mzima mlango baada ya mlango. Nilikuwa nimeshika kalamu. Sikuandika kitu mpaka filimbi ya mwisho iliponyamaza.