Upande wa Nasor Kwenye Sinia

Barua za kaka yangu Nasor zilikuwa zikinuka sabuni. Si sabuni yetu ya mche, bali sabuni kali ya nchi za baridi, kwa sababu mchana alikuwa akipiga pasi mashuka ya wageni katika hoteli moja mjini Hamburg, Ujerumani, na jioni akisomea mitambo ya meli. Baba alikuwa akizifuata posta Maskati na kurudi nazo kwa miguu mpaka kwetu Matrah, bahasha imo kifuani ndani ya kanzu, na kabla hajavua makubadhi ukumbi ushanukia. Mama akiipokea, akiipeleka puani, akifumba macho kidogo, halafu ndipo akiniita. "Zayana, njoo mwanangu, kaka yako kaja." Hakuwa akisema barua imekuja. Kwake yeye aliyekuja alikuwa Nasor mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa naikaribia kumi. Tulihama Unguja mwaka wa sitini na nne, na huko Matrah hapakuwa na skuli ya wasichana, kwa hivyo mimi elimu yangu ni ya chuoni tu, kwa Bi Zuwena, aliyetusomesha Kurani huku anachambua mchele. Lakini kwetu Kiswahili kiliandikwa kwa herufi zile zile za Kurani. Mama hakujua kusoma, na macho ya Baba yalishaingia mtoto wa jicho. Basi msomaji wa barua nikawa mimi, na mwandishi wa majibu mimi, nimelala kifudifudi juu ya mkeka, kalamu mkononi, Mama anasema nami naandika.

Ulaya yote niliijua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nasor alikodi chumba kwa mwanamke mmoja mtu mzima, Bi Hilda, aliyegonga dari kwa ufagio kila kaka akisoma Kurani kwa sauti. Alieleza kwamba huko watu hula viazi asubuhi, viazi mchana, na usiku viazi vilivyobaki, na kwamba yeye nyama haigusi kwa kuwa si ya halali, anakula mayai na samaki. Yai la kuchemsha Bi Hilda hulisimamisha ndani ya kikombe chake kidogo, akalivisha kofia ya sufu lisipoe. Mama alinisimamisha hapo. "Yai linavishwa kofia, na mwanangu je, kofia anayo?" Baba akacheka mpaka akakohoa. Kiangazi kimoja Nasor alipanda treni akenda Paris, kisha Vienna, na njiani akaona milima myeupe kama chumvi, akala mkate na jibini dirishani, magotini ametandaza leso aliyopewa na Mama. Mama alifurahi zaidi kwa leso kuliko kwa milima. Mimi nilikuwa nikitoka nje na habari hizo nikiwasimulia watoto wa jirani mwenye ng'ombe, nikiongeza chumvi, mpaka wakasema nami nilikuwemo ndani ya treni.

Sasa nieleze habari ya sinia. Sisi tulikula sote pamoja, tumelizunguka sinia moja la wali, nguru wa kijiji cha Yiti juu yake na ndimu kavu, na kila mtu anakula mbele yake, havuki kwenda kwa mwenziwe. Upande wa mlangoni ulikuwa wa Nasor. Tangu siku aliyosafiri, Mama hakuruhusu mtu kuukalia wala mkono kuugusa. Tukishiba, sinia lote limekuwa wazi, pale mlangoni pamebaki kilima cha wali na kipande cha samaki. Kilima hicho mimi nilikitia bakulini nikampelekea Bi Rayya, mjane wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa akinipokea kwa kuuliza, "Leo Nasor kanipikia nini?" Mama alikuwa na wahaka mmoja tu juu ya Ulaya, na si baridi. Alikuwa akisema, "Mtu akila peke yake hashibi, anajaza tumbo tu. Siku nitakayojua mwanangu anakula peke yake, namwita arudi." Baba naye alishamwambia Nasor asirudi mpaka amalize masomo, ila kwa rukhsa ya mama yake.

Mwaka ule Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wetu Hamed. Ilikuja barua kwamba Nasor ameshikwa na homa ya kifua, lakini sasa hajambo. Niliisoma yote kama ilivyo. Mama akawa hali chakula. Anakaa nasi kwenye sinia, anausogeza wali kwa vidole, hautii kinywani. Siku ya nne maziwa yakampungua, Hamed akawa analia mchana kutwa sauti imemkauka, na Bi Rayya akaja kumnywesha Mama kwa nguvu uji wa hulba wa kurudisha maziwa. Alipotoka alinishika sikio mlangoni, akaniambia, "Wewe msomaji, mengine hutizami kwanza?"

Ndipo ikaja barua ya kijani. Bahasha zote zilikuwa nyeupe, ile peke yake ya kijani. Nikasoma salamu, nikasoma theluji, kisha macho yakatangulia mbele ya mdomo. Nasor aliandika: Bi Hilda huniletea sahani yangu chumbani, nami nala nikitazama ukuta. Miezi minane sijala na mtu. Mama, ukinipa rukhsa nnarudi.

"Mbona umenyamaza?" akauliza Mama. Hamed alikuwa kifuani pake, ananyonya. "Hebu niambie, anakula na nani?"

Nikasema, "Anakula na wenziwe, Mama. Wanazunguka sinia kama sisi."

"Alhamdulillahi," akasema Mama, na mchana ule alikula mpaka akajilamba vidole. Jibu niliandika mimi, na alichosema Mama sikukipunguza: amefurahi sana kusikia una wenzio wa kula nao, wasalimie mmoja mmoja. Ile rukhsa sikuitaja. Barua ilipokwisha kwenda nikawa kila siku namngojea Baba mlangoni, kwani nilijua Nasor ataisoma na atafahamu.

Akafahamu. Barua iliyofuata ilileta majina. Kemal, Mturuki, mpishi hodari wa dengu. Yusuf, Msomali, anayekula haraka mpaka wanamwekea zamu. Reza, Muajemi, hapendi pilipili. Mama aliwapenda watatu wale, akiwaombea dua kwa majina baada ya kila sala, na halwa ilipopelekwa alisisitiza iwe ya watu wanne. Rukhsa Nasor hakuiomba tena.

Alirudi mwaka wa sabini, Sultan Qaboos aliposhika nchi na mambo yakafunguka, na watu waliotawanyika dunia nzima wakawa wanashuka Matrah kila wiki. Amekonda, na nywele za utosini zimeanza kumpukutika. Mama alipika tangu alfajiri, akamkalisha mlangoni, upande wake. "Hao kina Kemal umewaacha na nani?" akamuuliza. Nasor akanitazama mimi, nami nikatazama wali. Akasema, "Wapo, Mama, wanakusalimia." Kisha akatia mkono kwenye sinia, na wali ukamwagika katika vidole kama wa mtoto anayeanza kula. Alishasahau kufinya tonge.

Baada ya kula nilimfuata ngazini, bakuli tupu mkononi, kwa sababu siku ile Bi Rayya hakuwa na fungu. Nikamwambia, "Rukhsa uliyoomba niliiruka mimi." Akasema, "Nilijua. Mama alikula siku ile?" Nikamwambia alikula. "Basi," akasema, akanivuta mtandio. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Leo meli za kitalii zinatia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, Wazungu wanashuka kwa mamia, wanapita sokoni Matrah na kofia zao, na mimi hujiona nawatafuta kina Bi Hilda. Katika nyumba yangu kila mtu ana sahani yake na saa yake ya kula. Sinia tunalitoa Ijumaa tu. Kemal, Yusuf na Reza bado nawakumbuka, na bado nawaombea, watu ambao hawakuzaliwa.

Mjukuu wangu Ibtisam anasoma Vienna, mji ule ule wa treni. Ijumaa hunipigia, namwona uso kwenye simu, mdomo umejaa. Wiki iliyopita nilimuuliza, "Unakula na nani, mama?"

"Na rafiki zangu, Bibi. Wapo hapa wote, wanakusalimia."

Hapakuwa na sauti ya kijiko wala ya mtu. Sikumwambia aizungushe simu nami niwaone. Nilimwambia awasalimie, kisha nikamuuliza majina yao.