Kiti cha Gadi wa Treni

Ezekieli alikuwa gadi wa treni kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu mwaka 1973 alirudi shambani kwake, nje kidogo ya Itigi, na tangu hapo mwili wake ulikataa kutulia. Alikaa, akainuka, akazunguka ua, akakaa tena.

“Baba Anastazia, unanitia kizunguzungu,” mkewe Lea alilalamika. “Tafuta kiti kinachotembea!”

Akaenda kwa fundi seremala Mughwai, akaambiwa achague. Kuna bembea ya kuning’inia kwa minyororo kwenye boriti ya baraza, na kuna benchi linalosogea mbele na nyuma ndani ya fremu yake, likisimama lenyewe kwa miguu yake.

Ezekieli alitaka bembea. Siku tatu nzima aliigonga boriti ya baraza, akaiparamia, akaitikisa. Siku ya nne balozi wa nyumba kumi akapita na habari: kabla ya mvua, kaya zote zihamie kijiji kipya cha ujamaa.

“Na baraza utalibeba?” Lea aliuliza.

Ezekieli alikwenda moja kwa moja kwa Mughwai. “Fundi, nitengenezee lile benchi.”

Siku ya kuhama, lori liliwashusha kwenye kiwanja kitupu chenye vigingi vinne. Lea akakaa kwenye benchi, akalisukuma kwa kisigino.

“Njoo basi.”

Ezekieli akaketi kando yake. Wakaenda mbele, wakarudi nyuma, mpaka uji waliokuja nao ukapoa. Kisha akainuka kutafuta jembe, aanze kuchimba msingi wa nyumba.