Umri Haukisiwi

Gwantwa alikuwa na ugomvi na maneno. Miaka kumi na miwili alihariri habari kwenye redio ndogo ya Tunduma, na mwandishi akimletea "majira ya saa nne" au "zoezi la ugawaji", kalamu nyekundu ilipita bila kuomba radhi. "Saa nne ina majira gani? Ya masika?" aliuliza, na chumba kizima kikacheka isipokuwa aliyeandika.

Juu ya meza yake alibandika kanuni, kwa mkono wake, nyuma ya kalenda ya zamani. Usiseme inasemekana, sema nani amesema. Umri haukisiwi, muulize anayejua. Na ile aliyoipigia mistari miwili: jina la marehemu halisomwi hewani kabla nyumbani kwake hawajaambiwa.

Aliyezijua kuliko wote ni mtangazaji Uledi. Naye alifundishwa kwa machungu. Wiki yake ya pili kazini alisoma jina la dereva aliyekufa, mke wa dereva akalisikia akiwa sokoni anauza nyanya. Gwantwa hakumkaripia. Alimpeleka msibani, akamketisha mkekani kutwa nzima akisikiliza kilio. Uledi alirudi mtu mwingine, na tangu siku hiyo Gwantwa alimshika kama mdogo wake wa damu. Uledi alikula nyumbani kwake. Hata Gwalugano, kaka yake Gwantwa aliyeendesha malori ya Zambia, kila akivuka mpaka alimletea Uledi samaki wakavu.

Mwaka huu Gwantwa alichukua likizo, akapanda kijijini kwao Ikinga kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Siku ya tatu, saa sita mchana, Uledi akampigia.

"Dada, shikamoo. Hivi kaka Gwalugano ana miaka mingapi?"

"Marahaba. Thelathini na nne. Ya nini?"

"Kuna kitu najaza hapa. Haya dada, chuma kahawa."

Saa saba mama alifungua redio kama kila siku, maana aliihesabu kuwa redio ya mwanawe. Sauti ilikuwa ya Uledi. Lori limeacha njia mteremkoni saa mbili asubuhi. Dereva amefariki papo hapo. Ni Gwalugano, mzaliwa wa Ikinga, mwenye umri wa miaka thelathini na nne.

Hapakuwa na majira, hapakuwa na inasemekana. Habari ilikuwa safi kabisa, na Gwantwa, Mungu amsamehe, hilo ndilo alilolisikia kwanza. Kisha ndoo ya kahawa ikamtoka mama mkononi.

Jioni ile alimpigia Uledi. "Dada, redio nyingine walikuwa nalo jina," Uledi alisema. "Tungepitwa. Na kukwambia nilishindwa." Gwantwa akakata simu. Kifo kilimuuma kama kifo. Hili lilimuuma kivingine, maana kifo hakijawahi kukaribishwa mezani kwake kikala kikashiba.

Siku ya maziko Uledi alikuja na wenzake wote wa redio, na meneja wao. Akapiga magoti mbele ya mama, aliyekuwa ameketi mkekani, mkono wake juu ya paja la Gwantwa.

"Wewe ndiye uliyemsoma mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Thelathini na nne." Sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Hata mkewe husema thelathini na tano. Nani alikwambia?"

Uledi akamtazama Gwantwa. "Dada."

Wanawake wote wakageuka. Mama akageuka mwisho, taratibu.

"Kumbe ulijua? Tunachuma kahawa pamoja, na wewe unajua?"

"Sikujua, mama! Aliniuliza umri tu, hakuniambia kitu." Gwantwa alimgeukia Uledi. Kaka alikwisha kwenda. Akimpoteza na mama, atabaki na nani? "Uledi, mwambie. Mwambie mama kwamba ulinificha."

Ingetosha sentensi moja, fupi, ya aina aliyomfundisha mwenyewe. Lakini meneja alikuwa nyuma yake, amesimama, anasikiliza. Uledi aliinamisha macho kwenye mkeka.

"Poleni sana," alisema.

Mama akauondoa mkono wake pajani kwa Gwantwa, akauficha ndani ya kanga.