Kiganja Kimoja cha Rangi ya Zamani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Kelestini Ligombi amepiga magoti mbele ya ukuta wa duka la pembejeo, mtaa wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara. Leo hapaki rangi. Anafuta tope kwa kitambaa chenye maji, sentimita chache juu ya msingi, na polepole vinatokea vipande vinne vya rangi kuukuu, vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima.

Anavitaja kuanzia kushoto. Tairi ya baiskeli, mwaka 1989. Povu la sabuni, 1996. Kona ya tangazo la simu, 2008. Mguu wa kuku wa kienyeji, 2016. Picha zenyewe hazipo tena. Juu yake sasa kuna shamba la mpunga, nalo alilichora yeye.

Kelestini ana umri wa miaka 58 na amechora kwenye kuta za Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero kwa miaka 38. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, anatakiwa kuthibitisha hivyo kwa maandishi.

Sababu ni ukuta mmoja. Mwaka 2004 alichora pantoni kwenye ukuta wa shule moja ya msingi huko Kivukoni, mahali watu walipokuwa wakivukia mto kabla ya daraja. Ni ukuta wa mita kumi na nne. Magunia ya mpunga yapo, baiskeli zipo, na mama aliyebeba kuku wawili vichwa chini. Rangi imepauka. Shule inakarabatiwa, na kazi ya kupaka kuta za nje pamoja na picha zake atapewa mkandarasi aliyesajiliwa tu. Asipopata usajili kabla ya mwisho wa Septemba, pantoni yake itafutwa na mtu mwingine.

“Ule ukuta nilipewa bila karatasi yoyote,” anasema. “Mwalimu mkuu wa wakati ule alinyoosha kidole: anzia hapa, ishia pale. Basi.”

Fomu ya maombi haina nafasi ya kidole. Imetaka jina la biashara, namba ya mlipakodi, fundi mwenye cheti, na orodha ya kazi zilizokwisha kufanyika, zikiambatana na picha na barua za wenye majengo. Jina la biashara na namba alivipata kwa wiki tatu. Nickolaus Mbena, fundi sanifu wa majengo aliyestaafu, amekubali kuwa fundi wake mwenye cheti. Iliyobaki ilikuwa orodha.

Kelestini anakadiria kuwa amechora kuta zaidi ya elfu moja na mia tano. Hakuwa na picha hata moja. Simu zake tatu za mwanzo ziliharibika, na kabla ya hapo hakuwa na simu. Zaidi ya hayo, kazi hii hujifuta yenyewe: duka likibadilisha bidhaa, ukuta unabadilishwa, na mara nyingi aliyeitwa kufuta alikuwa yeye.

Mkewe, Dativa, ndiye aliyemkumbusha. Walikuwa wanakula, na Kelestini alikuwa akilalamika kwamba miaka yake yote imepotea chini ya rangi.

“Baba Agnella,” Dativa alimwambia, “si ulikuwa unaacha viganja? Au ulikuwa unanidanganya miaka yote?”

Kuacha kiganja alifundishwa na marehemu Makame, mchoraji aliyekuja Ifakara kutoka Kilwa miaka ya sabini kuandika majina ya maduka. Makame alimpokea Kelestini mwaka 1987 na kwa miezi sita hakumruhusu kushika brashi ndogo. Kelestini alisugua tu kuta kwa msasa. Sharti la kwanza alilomfundisha lilikuwa hili: ukipaka juu ya kazi ya mtu, hata kama kazi ni yako, acha kiganja kimoja chini, pembe ya kushoto.

“Alikuwa akisema mwenzako naye aliamka asubuhi,” Kelestini anakumbuka. “Hakueleza zaidi ya hapo.”

Enzi hizo, anasema, barabara ya sokoni ungeweza kuisoma bila kujua kusoma. Kinyozi alikuwa na kichwa, fundi cherehani alikuwa na cherehani, na mgeni kutoka Masagati aliyeshuka na gunia lake hakuhitaji kuuliza mtu. Kwa mwezi alichora kuta sita hadi nane. Siku hizi wenye maduka hutundika mabango ya kuchapisha, yanayotoka kwa siku moja, naye hupata kuta mbili, kwa wastani wa shilingi 120,000 kila mmoja.

Mwezi Julai, Kelestini na Nickolaus walizunguka mji kwa siku mbili, wakiwa na futi kamba, kitambaa na simu ya Nickolaus. Walikuta viganja 31. Wenye majengo 14 walikubali kuandika barua. Siwema, anayemiliki duka hili la pembejeo alilorithi kwa baba yake, alikuwa wa kwanza kutia saini.

“Shikamoo mzee, nikuombe radhi,” alimwambia Kelestini siku hiyo. “Miaka yote nilidhani rangi iliwaishia. Baba nilikuwa namwambia, huyu fundi wako hajui kukadiria.”

Nickolaus alipiga picha, akaandika tarehe na vipimo. Jioni ya siku ya pili walikaa kibarazani kwake kupanga karatasi, na hapo ndipo alipomweleza jambo ambalo Kelestini hakuwa amelifikiria. Katika mkataba, sehemu ya ukuta isiyopakwa huhesabiwa kuwa kasoro. Mkaguzi ataipima, ataiandika, na mkandarasi ataamriwa kuiziba.

“Kwa hiyo hivi vinavyonipa usajili,” Kelestini aliuliza, “nikishasajiliwa siruhusiwi kuviacha?”

“Ndiyo hivyo, mzee mwenzangu. Labda kiwemo kwenye mchoro. Kikiwa kwenye mchoro si kasoro tena, ni kazi.”

Kelestini anakiri kwamba usiku huo alifikiria kuacha maombi. Asubuhi alichukua karatasi na rula. Hakuwa amewahi kuchora ukuta kwenye karatasi kwanza. Miaka yote alikuwa akianza ukutani kwa mkaa. Mchoro ulimchukua siku nne.

Unaonyesha daraja, kwa kuwa ndilo shule ililoomba. Merina, mwalimu mkuu wa sasa, anasema wanafunzi wake wengi hawajawahi kuvuka kwa pantoni. Darasa la kwanza humuuliza lile ukutani ni gari la aina gani. Lakini chini, pembe ya kushoto, kuna mraba wa sentimita kumi na nane kwa kumi na nane, na maneno kwa herufi kubwa: SEHEMU HII ISIPAKWE. Merina aliusoma mara mbili, akauliza maswali, akatia saini.

Maombi yaliwasilishwa wiki ya pili ya Agosti. Majibu hayajatoka. Akisajiliwa, Kelestini ataomba kazi ya ukuta huo, na baada yake anakusudia kuomba kuta za zahanati na masoko ambazo hadi sasa amekuwa akizipaka kama kibarua wa wakandarasi wengine. Asiposajiliwa, mchoro utabaki shuleni, na Merina ameahidi kumkabidhi yeyote atakayeshinda.

Saa nne asubuhi tunafika Kivukoni. Kelestini anapita magunia, baiskeli na mama mwenye kuku bila kusimama, anainama pembe ya kushoto. Hapo hakuna pantoni. Ni maji tu, mistari ya buluu na kahawia, iliyochorwa kwa mkono tofauti na picha iliyobaki.

Anaeleza kuwa mwaka 2004 magoti ya Makame hayakuweza tena kupanda ngazi. Alikaa kwenye kigoda akapaka mto, kutoka upande huu hadi alipochoka. Alifariki miaka miwili baadaye, na huu ndio ukuta wake wa mwisho.

Kelestini anatoa penseli, anaweka kiganja ukutani na kukizungushia mstari.

“Nikipewa mimi, najua pa kuacha,” anasema. “Akipewa mwingine, naye aone.”