Nilinyimwa maji kwenye arobaini, mtoto wangu akanyweshwa kwa kijiko

Wakuu, salamu zenu nyote. Wazazi, waume wa wazazi, na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, karibuni pia, maana iko siku mtaoa.

Sina haja ya kutunga. Shahidi wangu yuko mapajani sasa hivi, ananyonya, na ninaandika kwa mkono mmoja. Makosa ya herufi mnisamehe. Hasira sitaiombea radhi.

Mimi ni mzaliwa wa Gede. Nilisoma chuo Kilifi, digrii ninayo, kazi bado. Nimeolewa Malindi. Mume wangu, Salim, anafanya kazi Mombasa na hurudi mwisho wa juma, kwa hiyo ninakaa na mama yake. Kwetu pwani mama mzaa mume huitwa mavyaa. Mavyaa wangu, Bi Rukia, ni mwanamke mwema. Naliweka hili mapema kwa sababu huko chini nitamsema sana.

Jingine mlijue: mimi hulifikiria jambo mpaka likachakaa. Nikiitwa jikoni, kabla sijafika nishajiuliza nimevunja nini.

Basi nikajifungua mtoto wa kike, kaskazi imepamba moto, joto la kukausha shuka kabla hujamaliza kuianika.

Anayezijua mila zetu anajua mzazi wa arobaini hafanyi kazi. Anakandwa kwa maji ya moto yenye majani ya mwarobaini. Anapikiwa uji wa pilipili manga, supu ya pweza, bokoboko la ngano na nyama. Analala. Yote hayo nilifanyiwa na nashukuru, kwa kuwa kuna wanawake hawana hata wa kuwatelekea chai.

Tatizo lilikuwa maji. Maji ya kunywa.

Tulipofika nyumbani kutoka hospitali niliomba maji. Mavyaa akanitazama kama nimeomba sigara.

"Maji? Mwanangu, wewe ni mzazi. Maji yataingia kwenye maziwa, mtoto anyonye maji ya kuoshea mchele?"

"Kidogo tu, mama. Kinywa kimekauka."

"Kitazoea. Na tumbo je? Unataka libaki limetuna, watu wadhani una mwengine ndani? Katika nyumba ya Bi Mwanakombo mzazi hanywi maji. Hakunywa yeye, hakunywa mama yetu, sikunywa mimi."

Huyo Bi Mwanakombo ni bibi yake mavyaa, mzaa baba yake. Alizaa wakati wa vita vya Wajerumani, vile vya kwanza, na kila jambo la nyumba hii hupimwa kwake.

Nikawa napata bakuli dogo la uji asubuhi, jingine jioni, na katikati kikombe cha kahawa ya tangawizi. Nasema vile vikombe visivyo na mkono, ambavyo mwanamume humaliza kwa funda moja barazani. Basi.

Walionyonyesha wanaijua kiu hii. Mtoto akishika tu ziwa, koo linakauka kama mtu amelivuta kwa kamba. Haifanani na kiu ya Ramadhani. Ya Ramadhani ina magharibi yake.

Najua mtauliza: kwa nini hukuinuka ukachota? Mtungi ulikuwa kwenye ukumbi. Niliinuka. Wifi yangu Amina, dada yake Salim aliyezaa kabla yangu, akanikuta na kikombe mkononi, akaenda kusema, na mtungi ukahamia chumbani kwa mavyaa. Ya bomba yalikuwa ya chumvi wiki ile, nikahofia kuharisha nikiwa na mshono.

Na kulikuwa na sababu nyingine: niliogopa kwamba wako sahihi. Wao wamezaa na kulea. Mimi nimesoma tu. Nikinywa, maziwa yakawa mepesi, mtoto akadhoofu, nitamwambia nani nini? Nikawa nasoma mtandaoni, simu nimeificha ndani ya leso. Mmoja anasema kunywa mpaka uelee. Mwingine anasema maji hayaongezi hata tone la maziwa. Nikakamulia tone kwenye buibui jeusi nione kama ni jeupe vya kutosha. Chekeni.

Mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Kichwa kikawa hakiniachi. Nikisimama, ukuta unatembea. Na mtoto akawa analivuta ziwa, analiachia, analia.

Mavyaa akasikiliza kile kilio, akatoa hukumu yake.

"Mtoto ana kiu. Joto hili limemkausha koo."

Akaenda chumbani kwake. Akarudi na maji, wakuu. Kwenye glasi, na kijiko. Kutoka mtungi ule ule.

Mtoto hata arobaini hajamaliza anakingiwa kijiko cha maji, na mimi mama yake nimekaa pembeni, ulimi umegandamana na kaakaa, natazama lile tone lililomwagika kidevuni mwake. Nilitamani kulilamba.

"Mama, kliniki walisema mtoto mchanga hapewi maji. Ziwa linamtosha mpaka miezi sita."

"Kliniki ndio waliomzaa Salim?"

Amina akacheka kutoka mlangoni. "Salim alinyweshwa maji, na leo anainama kupita mlango huu."

"Tena maziwa yako hayatoshi," mavyaa akaendelea, kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulioniua. "Si kosa lako. Wengine huumbwa hivyo. Tutanunua ya kopo."

Nikampigia Salim. Akaniambia, "Mama amezaa sita. Msikilize." Wanaume mliomo humu, sentensi hiyo izikeni.

Kesho yake nilianguka wakati wa kukandwa. Mvuke, joto, kisha giza. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni bafuni, Amina ananipepea kwa kifuniko cha sufuria na mavyaa anasoma Ayatul Kursi.

Hospitali nikawekewa dripu. Muuguzi akauliza nimekunywa nini tangu jana. Nikamweleza uji na kikombe. Akamgeukia mavyaa, akanirudia mimi.

Aliyoniambia nayaandika hapa ili yamfae mwingine. Ukinyonyesha, kunywa kila usikiapo kiu, na uwe na glasi karibu kila unapokaa kunyonyesha. Huna haja ya kujilazimisha ndoo nzima, mwili utakwambia. Mkojo ukikolea rangi, umechelewa. Maji unayokunywa hayafanyi maziwa kuwa mepesi. Na mtoto asipewe maji, kwa sababu yanamjaza tumbo dogo lile bila kumlisha, tena yanaweza kumletea ugonjwa.

Kisha wakampima mtoto. Uzito haukupanda ilivyotakiwa. "Rudi wiki ijayo," muuguzi akasema. "Tukiona bado, itabidi tufikirie kumwongezea maziwa mengine."

Wiki moja. Kwa mtu mwenye kichwa kama changu, hiyo ni hukumu yenye tarehe.

Kwenye tuktuk mavyaa alisema neno moja tu. "Msichana yule hajazaa. Umeona hana pete?"

Jioni hiyo kopo la maziwa likanunuliwa. Likawekwa juu ya meza karibu na kitanda changu, kama mgeni aliyefika mapema anayesubiri kukaribishwa. Mtungi ukabaki ulipokuwa. Nikapewa vikombe viwili badala ya kimoja, ndiyo heshima ya dripu.

Siku iliyofuata akaja Mama Mkubwa Mishi, dada yake mavyaa, anayekaa Mambrui. Huyu huanza kuzungumza akiwa bado njiani. Yeye ndiye aliyelelewa na Bi Mwanakombo. Mavyaa alikuwa mdogo mno bibi alipokufa.

Akaniangalia. "Rukia, mzazi gani huyu ana midomo kama ng'onda?" Ng'onda ni samaki wa kukaushwa.

Mavyaa akamweleza kisa cha hospitali, akamalizia na lile lile: katika nyumba ya Bi Mwanakombo mzazi hanywi maji.

"Nani kakwambia?"

"Mama. Na mama aliambiwa na Bibi mwenyewe."

"Bibi hakunywa maji ya kisima!" Mama Mkubwa alisema kwa sauti ya kuitia watu shambani. "Rukia, we! Kisima cha Ganda!"

Akasimulia hapo hapo, leso bado iko kichwani. Vita vya Wajerumani vilikuwa vimewaka, Waingereza wanakusanya wanaume wakawabebee mizigo. Mume wa Bi Mwanakombo akachukuliwa. Bibi akabaki shambani Ganda na mama yake, tumbo liko juu, na yeye mwenyewe ni msichana tu. Kisima kikaharibika. Watu wakawa wanaharisha, na jirani zake waliokuwa wamejifungua punde wakanywa maji yale mabichi, wakafa na kuacha vichanga. Mama yake akamkataza: maji ya kisima hiki usiyatie kinywani mpaka yachemke.

"Lakini kunywa," Mama Mkubwa akasema, "Bibi alikunywa! Aliniambia mwenyewe nikimsuka. Chungu hakikutoka jikoni mchana kutwa. Maji ya tangawizi, uji mwepesi unaomiminika, na madafu. Walikuwa na minazi, nani wa kuwahesabia? Mama yake alikuwa akimwambia, kunywa, mtoto naye anakunywa humo humo. Baba yetu alinona mpaka watu wakauliza kama baba yake amerudi na posho ya Waingereza."

Akamnyooshea mavyaa kidole.

"Kisima chenyewe kilifukiwa hatujazaliwa. Sasa mtoto wa watu unamwogopesha na kisima gani?"

Nilikuwa nimekaa pale, mtoto ziwani. Karne nzima! Amri ilikuwa na vipande viwili: usinywe mabichi, kunywa sana yaliyochemka. Kipande cha pili kikaanguka njiani, hakuna aliyegeuka kukiokota, na cha kwanza kikabebwa kwa heshima kutoka mama hadi mkwe, kila mmoja akimkabidhi mwenziwe kiu.

"Sisi tulifanyiwa hivyo hivyo," mavyaa akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Kisha akacheka. "Nilipomzaa Salim nilikunywa maji ya kukandwa. Yale ya mwarobaini. Mama alitoka kufuata kanga, nikachota kwa kiganja. Uchungu wake, subhanallah."

Hakuna aliyecheka naye.

"Mimi nilikunywa ya udhu," Amina akasema.

Alikuwa mlangoni, pale pale anaposimama siku zote. Amina aliyenishitaki kwa kikombe kimoja.

Wakuu, mtu mwema angewaonea huruma. Mimi huruma ilinijia wiki nyingi baadaye, na haikukaa. Pale nilihisi moto. Kila mwanamke wa nyumba hii aliiba maji. Kila mmoja alijua kiu ile ilivyo. Na kila mmoja, zamu yake ilipofika, akawa askari wa mtungi.

"Mlijua," nikasema. "Mlijua, na mkanitazama nikianguka!"

Sijawahi kumpandishia mavyaa sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Mtoto alishituka akaachia ziwa. Nikaanza papo hapo kufikiri: atampigia Salim, Salim atakuja, nitarudishwa Gede na kichanga na mshono na digrii yangu.

Mavyaa aliinuka akatoka. Tukamsikia ukumbini.

"Amina! Injika sufuria kubwa. Ile ya karamu. Yakichemka yapoe, umpelekee. Yote."

Hakuniomba radhi, mpaka leo. Lakini nilikunywa. Nilikunywa mpaka shingo ikalowa. Mchana akaja kijana wa madafu, mavyaa akampigia kelele kwamba yote ni makoroma, yamekaribia kuwa nazi, akayanunua hivyo hivyo. Kijiko cha mtoto kikarudi jikoni. Mama Mkubwa akaondoka na lile kopo, kwamba ana wajukuu wakubwa watalinywea chai.

Zile siku zilizobaki sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu nepi zilizolowa, nanusa, nabonyeza mapaja yake nione kama yamejaa. Namwombea dua gramu kwa gramu.

Wiki ilipotimia tukaenda kliniki, mimi na mavyaa. Mtoto akawekwa kwenye mizani. Muuguzi akaandika, akatabasamu. "Amepanda. Endelea hivyo hivyo, ziwa tu." Nililia pale pale, na maziwa yakanitoka yakalowesha buibui.

Nilipotoka nilimkuta mavyaa kwenye benchi la foleni, amezungukwa na wazazi wageni wasiomjua. Anazungumza kwa mkono, kama mwalimu.

"Mzazi lazima anywe! Nyinyi mabinti wa siku hizi mnajikausha, kisha mnasema maziwa hayatoki. Kwetu sisi ni mila. Tangu bibi yetu, wakati wa Wajerumani!"

Nilisimama na mtoto begani, mdomo wazi. Nilitaka kupasuka. Kisha nikamwona binti mmoja mwembamba, mzazi mpya, anafungua mkoba wake taratibu, anatoa chupa ya maji, anatazama kwanza kama kuna anayemwona, halafu anainua na kunywa.

Nikafunga mdomo.

Nililojifunza ni hili. Kiu ya anayenyonyesha haitaki ruhusa ya mtu. Kunywa. Ukiona kizunguzungu na mkojo mzito, nenda ukaonwe, usingoje kuanguka kama mimi. Kichanga muache na ziwa lake. Na mila msizitupe, mimi uji wa pilipili manga naupenda hadi leo, lakini ukipewa amri muulize aliyekupa ilianza kwa nani, na huyo wa kwanza alikuwa anakimbia nini.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mzazi hukatazwa nini, na mnajua kwa nini? Na mliokunywa kwa kujificha, semeni mlikunywa nini. Hapa hakuna wa kwenda kuwashitaki kwa mavyaa.